Mwanafunzi wa Kiswahili Aliyesitisha Vita

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza, tukiwa katika somo la semantiki, kama pana tofauti yoyote baina ya kusitisha vita na kukomesha vita. Nilimjibu kwa haraka, kama tufanyavyo walimu saa ya kutoka inapokaribia, kwamba kitenzi cha kwanza kinatokana na kusita na cha pili kinatokana na kukoma. Mtu aliyesita njiani hajarudi alikotoka wala hajafika aendako. Amesimama tu, na huenda dakika ijayo akaendelea na safari yake. Aliyekoma amekoma. Kijana aliridhika, akafunga daftari. Mimi sikuridhika. Nilipokuwa nikirudi ofisini nilimkumbuka mtu mmoja ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika mwanya huo mwembamba baina ya vitenzi hivyo viwili, na ambaye katika majira ya baridi ya 1948 na 1949 maisha ya maelfu ya watu yalining'inia juu ya namna alivyoyapanga maneno.

Mtu huyo ni Ralph Johnson Bunche, Mmarekani mweusi. Wanafunzi wetu wa historia humtaja, wakimtaja, katika orodha ya washindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, kisha wakapita. Wasichokijua wengi wao ni kwamba bwana huyo aliwahi kukaa mbele ya Jomo Kenyatta, kalamu mkononi, akijifunza Kiswahili.

Bunche alizaliwa katika mji wa Detroit mwezi wa Agosti 1903, ingawa mwenyewe alizoea kuutaja mwaka 1904. Baba yake alikuwa kinyozi, na mama yake alipenda muziki lakini hakujaliwa afya. Familia ilihamia Albuquerque, katika jimbo kavu la New Mexico, kwa matumaini kwamba hewa ya huko ingemfaa mgonjwa. Haikumfaa. Mama alifariki mwaka 1917 na kijana akabaki mikononi mwa bibi yake mzaa mama, Lucy Johnson, mwanamke mdogo wa umbo aliyezaliwa katika utumwa, na ambaye kwa ukali na upendo wake aliwapeleka wajukuu wake Los Angeles na kuhakikisha kwamba wanasoma. Wote walioandika juu ya Bunche wanakubaliana kwamba bibi huyu ndiye aliyemtengeneza. Alimfundisha asikubali kudharauliwa na asiwe mtu wa kupayuka. Ni mafunzo mawili ambayo si rahisi kuyashika pamoja.

Katika shule ya sekondari ya Jefferson alikuwa mwanafunzi bora, na hata hivyo aliachwa nje ya chama cha heshima cha wanafunzi bora wa mji kwa sababu ya rangi yake. Aliingia katika tawi la Los Angeles la Chuo Kikuu cha California kwa msaada uliotokana na ustadi wake katika mpira wa kikapu, akifagia na kupiga deki ili apate masurufu, akahitimu mwaka 1927 akiwa wa kwanza. Alipopata nafasi Harvard, watu weusi wa Los Angeles walimchangia nauli na pesa za matumizi, harambee hasa, ingawa wao hawakuwa na neno hilo. Tangu 1928 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, alikojenga idara ya sayansi ya siasa, na mwaka 1934 akapata shahada ya uzamifu ya Harvard, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata katika taaluma hiyo.

Tasnifu yake inastahili tusimame kidogo. Bunche alikwenda Afrika Magharibi kulinganisha utawala wa Wafaransa katika nchi mbili jirani: Dahomey, iliyokuwa koloni la kawaida, na Togo, iliyokabidhiwa Ufaransa na Shirikisho la Mataifa kwa dhamana baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kwenye karatasi, tofauti ilikuwa kubwa. Moja ilikuwa mali, nyingine amana. Aliyoyakuta ni kwamba mkulima wa Togo na mkulima wa Dahomey walilipa kodi ile ile kwa hakimu wa namna ile ile, na kwamba neno zuri la dhamana halikuwa limemfikia yeyote kijijini. Naamini kwamba hapo ndipo alipojifunza kuyashuku maneno ya mikataba. Mtu anayeyashuku maneno ana njia mbili mbele yake: ama ayapuuze, ama ayaandike vizuri zaidi yeye mwenyewe. Bunche alichagua njia ya pili.

Mwaka 1937 alikuwa London akisomea anthropolojia kwa Profesa Malinowski, na humo darasani alikuwamo pia Kenyatta, ambaye kitabu chake juu ya Wagikuyu kilichapishwa mwaka uliofuata. Bunche alitaka kuja Afrika Mashariki, naye Kenyatta akamfundisha Kiswahili. Ningependa sana kujua alifika wapi katika ngeli! Walimu wenzangu wanaofundisha wageni wanajua kwamba hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mwaka 1938, baada ya kuzunguka Afrika Kusini, aliingia Kenya. Serikali ya kikoloni haikufurahia msomi mweusi wa Kimarekani mwenye kamera ya sinema kutembea hifadhini mwa Wagikuyu, lakini alitembea. Huko Kiambu alipokewa na Chifu Koinange wa Mbiyu na watu wake, na katika mapokezi hayo akapewa jina la Kariuki. Wasomaji wanaokijua Kigikuyu hawahitaji kuelezwa. Jina hilo linatokana na kitenzi cha kufufuka. Kwa waliompa, mbele yao alikuwa amesimama mjukuu wa watu waliochukuliwa utumwani wakahesabiwa kuwa wafu, na sasa amerudi.

Vita Vikuu vya Pili vilimtoa darasani. Serikali ya Marekani ilikuwa na watu wachache mno walioifahamu Afrika, ikamwita mwaka 1941, na kufikia 1944 alikuwa katika Wizara ya Mambo ya Nje. Katika mkutano wa San Francisco wa 1945 alikuwa miongoni mwa walioandika sura za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu nchi zisizojitawala na nchi za udhamini. Tanganyika, Ruanda na Urundi zilikuja kutawaliwa chini ya sura hizo, na wapigania uhuru walizitumia kufika New York kulalamika. Mwaka 1946 alihamia Umoja wa Mataifa kuongoza idara ya udhamini. Angeweza kumalizia maisha yake hapo, kati ya mafaili ya Kamerun na Togo, lau si Palestina.

Mwaka 1947 Uingereza ilitangaza kwamba imeshindwa na Palestina na kuubwaga mzigo mlangoni pa Umoja wa Mataifa. Kamati ya nchi 11 ikatumwa, Bunche akiwa miongoni mwa watumishi wake. Wajumbe wakagawanyika. Wengi wao walitaka nchi igawanywe mara mbili, wachache walitaka shirikisho moja. Kila upande ulihitaji mtu wa kuuandikia ripoti, na aliyeziandika zote mbili, ile ya wengi na ile ya wachache, ni Bunche yule yule. Nimewahi kuwasimulia wanafunzi wangu habari hii, nao wakacheka wakidhani kwamba ni unafiki. Si unafiki. Kuueleza vizuri msimamo usio wako ni kazi ngumu kuliko kuutetea ulio wako, na ni kazi tunayowapa watahiniwa wetu mara chache mno.

Tarehe 29 Novemba 1947 Baraza Kuu lilipitisha mgawanyo kwa kura 33 dhidi ya 13, nchi 10 zikijizuia. Waarabu waliukataa. Mapigano yakaanza baina ya wenyeji, na Israeli ilipotangazwa kuwa dola tarehe 14 Mei 1948, majeshi ya Misri, Transjordan, Syria, Lebanon na Iraq yaliingia. Umoja wa Mataifa ulimteua mpatanishi, Folke Bernadotte wa Sweden, mpwa wa mfalme na kiongozi wa Msalaba Mwekundu wa nchi yake, na Bunche akapelekwa kuwa msaidizi wake mkuu. Tajiri mwenye damu ya kifalme na mjukuu wa mtumwa wakawa marafiki wa kweli. Waliruka huku na huko katika ndege iliyopakwa rangi nyeupe: Cairo, Amman, Tel Aviv, Beirut, Damascus, na kurejea makao yao katika kisiwa cha Rhodes.

Baraza la Usalama lilikuwa limetaka vita visimame kwa wiki nne. Mapigano yalisita tarehe 11 Juni, yakaanza tena tarehe 9 Julai muda ulipokwisha. Tarehe 15 Julai Baraza likatumia lugha kali zaidi. Halikuomba tena, liliamuru, likitaja sura ya Mkataba inayoruhusu adhabu. Azimio hilo lilipata kura 7, Syria ikalipinga, nazo Urusi ya Kisovieti, Ukraine na Argentina zikajizuia. Bunche ndiye aliyewaandikia kanuni waangalizi wa kwanza waliotumwa kusimama katikati ya majeshi bila silaha, na kutokana na kundi hilo dogo ukazaliwa utaratibu wote wa kulinda amani ambao baadaye askari wa Kenya nao walishiriki, Namibia na Sierra Leone.

Tarehe 17 Septemba 1948 Bernadotte alikuwa Jerusalem. Ilipangwa kwamba Bunche aungane naye huko, akae kando yake garini. Safari ya Bunche ilicheleweshwa njiani na ukaguzi wa vyeti. Mahali pake pakakaliwa na Kanali André Sérot, Mfaransa. Watu wa kundi la Lehi, Wayahudi wenye siasa kali, waliuzuia msafara na kuwapiga risasi wote wawili. Bunche alifika akakuta maiti. Siku hiyo hiyo New York ilimwamuru ashike nafasi ya marehemu akiwa kaimu mpatanishi.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Vitabu vya shule hurukia Rhodes moja kwa moja kama kwamba watu waliamka tu wakaenda kuzungumza. Kabla ya Rhodes palikuwa na Paris, na bila Paris hakungekuwa na Rhodes.

Majira hayo Baraza Kuu na Baraza la Usalama vilikuwa vikikutana Paris, katika jumba la Chaillot. Bernadotte alikuwa ameacha mpango: jangwa la Negev liende kwa Waarabu, Galilaya iende kwa Israeli. Uingereza iliupenda mpango huo. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marshall, aliuunga mkono hadharani. Lakini Rais Truman alikuwa katika kampeni ya uchaguzi, kura ilikuwa tarehe 2 Novemba, na kadiri siku ilivyokaribia ndivyo msimamo wa Marekani ulivyoyeyuka. Warusi waliupinga. Waarabu waliupinga kwa kuwa uliitambua Israeli. Israeli iliupinga kwa kuwa uliinyang'anya Negev. Na katikati ya Oktoba, ili jambo lisiachwe kwa wanasiasa, jeshi la Israeli lilishambulia Negev na kuwazingira Wamisri karibu elfu nne katika kijiji cha Faluja. Miongoni mwa maofisa waliozingirwa alikuwamo Gamal Abdel Nasser.

Kaimu mpatanishi angeweza kuung'ang'ania mpango wa rafiki yake aliyeuawa. Heshima ya marehemu ilimsukuma afanye hivyo. Lakini aliona kwamba akiwataka mabwana wakubwa wakubaliane juu ya mipaka hatapata kitu, na kwamba tamko lingine la kuomba risasi zisimame litadumu wiki mbili kama yaliyotangulia. Baraza lilipitisha azimio tarehe 4 Novemba kutaka majeshi yarudi yalikokuwa tarehe 14 Oktoba, na kuunda kamati ya kufikiria adhabu, Israeli haikurudi. Bunche alikuwa tayari na wazo la tatu. Yasitishwe mapigano tu? Hapana, yamekwisha sitishwa mara mbili. Iletwe amani? Hapana, hakuna atakayetia sahihi. Baina ya mambo hayo mawili kuna hatua ya kijeshi ambayo maofisa wa nchi zote wanaifahamu: mapatano ya kuweka silaha chini, yenye mstari uliochorwa kwenye ramani, idadi ya askari iliyopunguzwa, na tume ya kusimamia. Hatua hiyo haimlazimishi mtu kumtambua adui yake. Inamlazimisha tu kusema atasimama wapi.

Wiki hizo za kwanza za Novemba alizitumia kwenda kutoka mjumbe hadi mjumbe. Kila mmoja alikuwa na hofu yake, na kila hofu ilihitaji kifungu. Wamarekani, uchaguzi ukiwa umepita, walitaka jambo lisilotaja adhabu. Waingereza walitaka mafungamano yao na Misri na Transjordan yasidhurike. Warusi walichelea kitu chochote chenye harufu ya mpango wa Bernadotte. Wafaransa walikuwa wenyeji, na wao pamoja na Ubelgiji na Kanada walikubali kulibeba azimio liitwe lao. Hilo lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa azimio lililoletwa na mkubwa mmoja lingekataliwa na mkubwa mwingine kabla halijasomwa. Mwenye wazo alikaa nyuma ya wenye jina.

Nao Waarabu na Waisraeli? Waisraeli walishikilia kwamba mazungumzo yawe ya ana kwa ana, maana kuketi meza moja na mtu ni nusu ya kumtambua. Waarabu walikataa kuketi kwa sababu iyo hiyo. Azimio lililopitishwa tarehe 16 Novemba 1948 liliamua kwamba mapatano ya kuweka silaha chini yafanywe katika maeneo yote ya Palestina, na kuzitaka pande zote zijadiliane ama moja kwa moja ama kwa kumpitia kaimu mpatanishi. Mtu wa isimu akiliona hilo husisimka. Kiunganishi kidogo, ama, ndicho kilichobeba jengo zima. Kila mjumbe alirudi kwa serikali yake akasoma nusu ya sentensi aliyoitaka. Liliponadiwa lilipigiwa kura kifungu kwa kifungu, bila kura moja ya jumla, hivi kwamba aliyechukizwa na sehemu fulani aliipinga sehemu hiyo bila kuubomoa ukuta. Hakuna mkubwa aliyetumia kura ya turufu.

Nakiri kwamba wapo watakaoliona jambo hili kuwa ujanja, na sina hoja ya kuwanyamazisha kabisa. Maneno yenye nyuso mbili huweza kuleta balaa. Mwaka 1967 Baraza hilo hilo lilipitisha azimio ambalo wasomi hawajaacha kubishana kama nomino yake moja ina maana ya maeneo yote au baadhi ya maeneo. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: utata wa 1948 ulikuwa juu ya namna ya kuingia chumbani, si juu ya kile watakachotia sahihi wakishaingia.

Azimio halikuzuia shambulio jingine. Tarehe 22 Desemba Israeli iliwashambulia Wamisri tena na kuvuka hadi Sinai. Baraza likatoa wito mpya tarehe 29 Desemba, Uingereza ikatishia kuutumia mkataba wake na Misri, na mnamo tarehe 7 Januari 1949 ndege tano za Waingereza zikaangushwa. Siku hiyo hiyo mapigano yalisimama. Misri ikawa ya kwanza kusema kwamba iko tayari. Mlango ulikuwa umekwisha tengenezwa miezi miwili kabla. Hapakuwa na haja ya kurudi Baraza la Usalama kubishana upya.

Mazungumzo yalianza tarehe 13 Januari katika Hôtel des Roses, kisiwani Rhodes. Ujumbe wa Misri uliongozwa na Kanali Seif el-Din, wa Israeli na Walter Eytan. Wote walilala katika hoteli moja, kila ujumbe katika orofa yake, na mwanzoni Bunche alikuwa mguu na njia baina yao. Hakuanza na Faluja wala Negev. Alianza na ajenda. Akawataka wakubaliane juu ya orodha ya mambo ya kuzungumza, kisha juu ya ahadi kwamba hakuna atakayeshambulia mazungumzo yakiendelea. Lengo lake, alivyoeleza baadaye, lilikuwa kuwazoeza kukutana na kutia sahihi, hata kama wanachokitia sahihi ni kidogo. Mwalimu wa darasa la kwanza atalielewa hilo: mtoto hushikishwa kalamu kabla ya kuambiwa aandike insha.

Yalidumu majuma sita. Hoteli ilikuwa baridi, chakula kibaya, vikao vilipita usiku wa manane. Bunche alivuta sigara bila kukoma, akacheza biliadi na wajumbe, akaandika rasimu baada ya rasimu. Inasimuliwa kwamba aliwaagiza mafinyanzi wa Rhodes watengeneze sahani za ukumbusho zenye maandishi ya mapatano, na wajumbe walipokwama kabisa akafungua kabati kuwaonyesha: wakikubaliana kila mmoja atapata yake aende nayo nyumbani, wakikataa atawavunjia vichwani. Penye suala la El Auja, kituo cha njia panda jangwani ambacho hakuna upande uliotaka kumwachia mwenzake, aliwapa jibu la kutompa yeyote. Majeshi yaondoke, na tume ya pamoja ya kusimamia mapatano ikae hapo hapo. Kikosi cha Faluja kiliruhusiwa kutoka na silaha zake. Na ukaandikwa mstari, pamoja na kifungu kilichosema wazi kwamba mstari huo si mpaka wa nchi.

Misri na Israeli walitia sahihi tarehe 24 Februari 1949. Lebanon ilifuata tarehe 23 Machi, Jordan tarehe 3 Aprili, Syria tarehe 20 Julai. Si yote yaliyopita mikononi mwa Bunche. Mapatano ya Jordan, kwa mfano, yalipikwa usiku katika kasri la Mfalme Abdullah huko Shuneh, na Rhodes ikabaki pahali pa kuyapakua. Iraq haikutia sahihi.

Waarabu huyaita mapatano ya namna hii hudna. Lugha yetu ilichukua kutoka kwao amani na suluhu, ikachukua itifaki, hudna haikuizoea. Ndiyo maana magazeti yetu huhangaika kila yanapotafsiri habari hizi, na msomaji akadhani kwamba vita vimekwisha. Mwaka 1949 havikwisha. Wapalestina zaidi ya laki saba walikuwa wamepoteza makwao, na hakuna hata mapatano moja kati ya yale manne yaliyowarudisha. Hawakuwa na kiti Rhodes. Bunche aliijua kasoro hiyo, na alitarajia kwamba tume nyingine ya Umoja wa Mataifa ingeleta amani yenyewe upesi. Haikuleta. Mistari iliyokusudiwa kuwa ya muda ilikaa miaka 18, hadi vita vya 1967.

Aliporudi Marekani alipokewa kama shujaa. Truman alimpa wadhifa wa naibu waziri katika Wizara ya Mambo ya Nje. Aliukataa, na sababu mojawapo aliitoa waziwazi: Washington ulikuwa mji wa ubaguzi, alikwisha kuishi humo na hakutaka kuwarudisha watoto wake humo. Mwaka 1950 alipopewa Tuzo ya Nobel, mtu wa kwanza wa asili ya Kiafrika kuipata, alifikiria kuikataa pia, kwa hoja kwamba mtumishi wa Umoja wa Mataifa hapaswi kutuzwa kwa kufanya kazi yake. Katibu Mkuu, Trygve Lie, alimlazimisha aipokee.

Heshima hizo hazikumkinga. Mwaka 1954 aliitwa mbele ya bodi ya serikali yake kujieleza kama aliwahi kuwa mkomunisti, akasafishwa. Mwaka 1959 klabu ya tenisi jirani na nyumbani kwake, New York, ilimwambia kwamba mwanawe hawezi kuwa mwanachama kwa kuwa klabu haipokei weusi wala Wayahudi. Kazi ikaendelea: Suez mwaka 1956, Kongo mwaka 1960. Kongo ilimshinda. Hakuelewana na Patrice Lumumba, na alipotoka Katanga mwezi wa Agosti akashauri vikosi vya Umoja wa Mataifa visiingie huko kwa wakati huo, Waafrika wengi walimwona kuwa amekuwa upande wa wakubwa. Nadhani walikuwa na haki ya kukasirika, ingawa askari wenyewe walikuwa wachache na amri waliyopewa ilikuwa dhaifu. Nyumbani nako vijana weusi wa miaka ya sitini walimcheka kwa upole wake. Mwaka 1965 alitembea mstari wa mbele pamoja na Martin Luther King kutoka Selma hadi Montgomery, akiwa mgonjwa.

Tarehe 16 Desemba 1963 Kenya na Zanzibar zilipokewa katika Umoja wa Mataifa. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa Waziri Mkuu. Mwanafunzi alikuwa mmoja wa manaibu wa Katibu Mkuu katika jumba hilo.

Kisukari kilimla macho, kikamla figo. Alistaafu mwaka 1971 akiwa karibu kipofu, akafariki New York tarehe 9 Desemba mwaka huo. Wiki hiyo India na Pakistan zilikuwa vitani. Rasimu mbili za kusitisha mapigano zilikuwa zimeangushwa katika Baraza la Usalama kwa turufu ya Urusi, na tarehe 7 Desemba, siku mbili kabla ya kifo chake, Baraza Kuu lilitaka vita visimame kwa kura 104 dhidi ya 11, nchi 10 zikijizuia. Tarehe 13 rasimu ya tatu iliangushwa. Mapigano upande wa mashariki yalikwisha tarehe 16, majeshi ya Pakistan yaliposalimu amri mjini Dhaka.